-me- imeniponza: "barafu imeisha jana" kwa Kiingereza nasemaje?

Karani wa Minofu (Kirumba, Mwanza)

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Nina swali la Kiingereza, na naomba mnijibu kwa Kiswahili cha kueleweka. Majedwali ya zile nyakati kumi na mbili nimeshayasoma mengi, nikifunga simu najikuta palepale.

Ni karani kwenye kampuni inayopakia minofu ya sangara hapa Mwanza. Minofu ikishapangwa kwenye maboksi na barafu, gari linatoka kupitia Magu na Bunda mpaka Sirari, linavuka kwenda Nairobi, mzigo unapanda ndege. Kazi yangu ni kumwandikia mteja kila hatua, na mteja hajui Kiswahili.

Jumanne mchana mashine ilizima, barafu ikatuishia. Jioni fundi akaitengeneza na usiku kucha ikazalisha. Jumatano asubuhi nikaona ni haki mteja ajue yaliyotokea, nikaandika: "Good morning. Yesterday ice has finished. The fish has stayed in the cold room." Kichwani nilikuwa nasema jana barafu imeisha, samaki wamekaa kwenye chumba cha baridi. Yeye akaelewa kwamba mpaka dakika ile hatuna barafu. Akajibu, "Do not load." Mimi nilikuwa mwaloni nahesabu kreti, nikaja kuiona saa nne, gari limeshajaa nusu. Tukashusha boksi moja moja. Nafasi ya ndege ikapotea. Bosi hakunifokea, aliniuliza tu kama shuleni nilisoma Kiingereza. Nikamjibu ndiyo.

Tulifundishwa -li- ni "did", -me- ni "have", -ta- ni "will". Nimeishi na kanuni hiyo toka kidato cha kwanza. Sasa hiyo "imeisha" ni nini hasa? Na dereva amelala nimwandikeje? Mwezi jana niliandika "The driver has slept" nayo ikaleta maswali.

Mwalimu Mstaafu (Nansio, Ukerewe)

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kiingereza nimekifundisha miaka 31, na hiyo kanuni uliyopewa hata mimi niliwahi kuiandika ubaoni, kwa sababu ni fupi na mtoto anaikariri haraka. Inaniuma kusikia imekugharimu mzigo.

Tuanze na dereva. Ukiniambia "mtoto amelala", hunisimulii habari za kulala kwake, unanitaka nisipige kelele. Yaani -me- hapo inataja hali iliyopo sasa hivi. Kiingereza kwa hali hiyo kinasema "the child is asleep", au "is sleeping". Ukisema "the child has slept", usingizi kashaupata, huenda sasa yuko uani anacheza. Kwa hiyo mteja wako alisoma kwamba dereva kashapumzika na yuko tayari kuondoka, kumbe wewe unamwambia bado anakoroma!

Vitenzi vya aina hii tunavyo vingi na ndivyo vinavyotukwaza: kulala, kusimama, kuvaa, kuchoka, kushiba, kujaa, kuoza. Amevaa koti, "he is wearing a coat". Nimechoka, "I am tired". Boksi limejaa, "the box is full". Samaki wameoza, Mungu apishie mbali, "the fish are rotten". Mahali pote hapo "have" haina kazi.

Sasa barafu. Kiswahili kinaturuhusu kusema "nimefika jana" na hakuna anayeshtuka. Kiingereza hakiruhusu. "Have" macho yake yako leo, ndiyo maana mteja aliposoma "has finished" akajua barafu haipo mpaka sasa, na lile neno "yesterday" halikumsaidia. Ukishataja wakati uliokwisha pita, iwe jana, Jumanne au 2019, rudi kwenye -li- hata kama mdomo wako unataka -me-. Ungeandika: "We ran out of ice yesterday afternoon. The machine was repaired in the evening. We have made enough ice for today." Mbili za mwanzo ni habari za jana. Ya tatu inamhusu mteja leo, na ndiyo aliyokuwa akiitafuta.

Angalia daraja letu la Kigongo–Busisi. Lilifunguliwa Juni 2025, "the bridge opened in June 2025". Umetaja mwezi na mwaka, basi "has opened" huwezi. Lakini "since then we have crossed without a ferry" ni sahihi, maana kuvuka bila kivuko kulianza siku ile na leo bado tunavuka. "Since" ukiiona, "have" iko jirani. Wengi wetu tunasema "I live in Mwanza since 2015" kwa kuifuata "naishi Mwanza tangu 2015". Sema "I have lived".

Kijana wa Kamanga

Mwalimu, hapo kwenye amelala umenifungua macho. Mimi kilichonitesa ni -na-. Napeleka wageni Kisiwa cha Saanane. Siku moja mama mmoja wa Kizungu akaniuliza "What do you do?" nikamjibu "I am taking visitors to Saanane". Akageuka kuangalia boti, akaniuliza wageni wenyewe wako wapi. Boti ilikuwa tupu, imefungwa gatini.

Sisi tukisema "baba anavua", inaweza kuwa ndiyo kazi yake, inaweza kuwa yuko majini sasa hivi. Kwao ya kwanza ni "he fishes", ya pili "he is fishing". Njia ninayotumia mimi: najaribu kuweka hu-. Kama "huvua" inakaa sawa, naandika "fishes". Vilevile boti huondoka saa mbili asubuhi, "the boat leaves at eight". Na hiyo saa dada ichunge sana, ukiandika "two" mteja atasubiri mpaka alasiri.

Mpitanjia

Mbona Wamarekani wanasema "Did you eat already?" na "I just ate"? Hiyo "have" mnaikuza bure.

Mwalimu Mstaafu

Ni kweli Wamarekani husema hivyo, kwenye "just" na "already" wako huru kuliko Waingereza. Lakini hata Mmarekani hasemi "has finished yesterday". Na mteja wa dada alikuwa anaamua juu ya tani za samaki kwa kusoma neno moja, kwa hiyo siwezi kuiita bure.

Karani wa Minofu (Kirumba, Mwanza)

Mwalimu, asante sana. Nimenakili ile orodha ya kulala na kusimama kwenye karatasi, nimeibandika kando ya kompyuta. Kijana wa Kamanga, ya hu- nimeijaribu leo kazini, inafanya kazi.

Gari limetoka jioni hii. Kabla sijatuma naomba mniangalizie: "The truck left Mwanza at 6 p.m. The boxes are full of ice. It has not reached Sirari yet. I will write when it crosses." Hiyo ya tatu nimeitoa kwenye "halijafika". Ni sawa, au nayo inadanganya?

Mwalimu Mstaafu

Ni sawa. Ya "halijafika" na "has not yet" hizo mbili zinaoana, itumie bila hofu. Ila "it" yako hapo inaweza kushikwa kuwa ni barafu, andika "the truck has not reached". Kisha tuma, mteja asikae roho juu.