Tupeane uzoefu: bei zilipopanda, kitu gani kilikuwa cha kwanza kufutwa kwenye orodha yako?

Kalamu Nyekundu (mleta mada)
Wakuu, salama? Nina daftari ninaloandikia manunuzi ya nyumbani tangu nilipooa. Sikulianza kwa ajili ya uchumi, nililianza kwa sababu kila mwisho wa mwezi mimi na mwenzangu tulikuwa tunaulizana "hela imekwenda wapi?" kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Juzi nilikuwa natafuta humo namba ya fundi bomba, nikajikuta nasoma orodha za zamani. Kurasa za mwanzo zina mistari ishirini na kitu. Za mwaka huu zina kumi na moja. Na jumla ya chini ndiyo kubwa.

Kilichonigusa ni vile vitu vilivyopotea bila hata kujadiliwa. Hatukukaa kikao tukasema gazeti la wikiendi sasa basi. Lilikosekana wiki moja, likakosekana ya pili, tukazoea. Likafuata tunda la baada ya chakula. Kisha betri za redio, na redio yenyewe ikawa pambo.

Nauliza: kwako kilianza nini? Na kukikata kulikusaidia, au kulikugharimu zaidi? Waliofaulu na waliochemka wote karibuni. Za vyama tuziache mlangoni leo.

Mama Mapacha
Kwangu kilichokatwa ni ukubwa. Nilikuwa nanunua mafuta ya kupikia kwa dumu na sabuni ya unga kwa mfuko mkubwa. Mwezi mmoja hela ya dumu haikutimia, nikachukua chupa ndogo ya kuvukia wiki. Hiyo wiki ilichukua mwaka na nusu.

Siku nilipopiga hesabu nilikaa chini. Chupa ndogo zinazojaza dumu moja zinanigharimu karibu theluthi zaidi ya dumu lenyewe. Yaani siku niliyopungukiwa ndiyo siku niliyoanza kulipa zaidi, na kwa kuwa nalipa zaidi sipati ya kununulia dumu. Nilikuwa nazunguka humo kama ng'ombe wa kinu.

Tukaungana majirani watatu, tukachanga, tukanunua dumu, tukagawana. Mwanzoni tuligawana kwa macho. Msithubutu. Tulinuniana siku nne kwa ajili ya vijiko viwili vya mafuta. Sasa tuna jagi lenye alama, na anayegawa ndiye anayechagua wa mwisho.

Kiti cha Nyuma
Mimi cha kwanza kukatwa ni chakula cha mchana kazini. Wenzangu nawaambia nimefunga. Nimefunga miezi minane mfululizo, hakuna dini itakayonikataa.

Mzani wa Haki
Mimi niko upande wa pili wa kaunta, kwa hiyo nipopoeni taratibu.

Mteja huniambia: "Huu mzigo si ulikuwa hapa wiki iliyopita? Mbona umepandisha?" Ngoja niwaeleze kilichonipata mwaka wangu wa kwanza dukani. Sabuni ilipanda jumla, mimi nikaona aibu, nikamaliza katoni kwa bei ya zamani. Nikarudi jumla na hela yote ya mauzo pamoja na faida. Katoni ya vipande kumi na viwili sikuiweza. Ilinitosha ya vipande tisa. Sikuibiwa wala sikukopesha, lakini duka lilikuwa limepungua robo. Tangu siku hiyo napanga bei kwa kuangalia mzigo ninaokwenda kuununua, sio niliokwisha kuununua.

Mwaka 2022 ndio sitausahau. Alizeti ya Ukraine ilikwama kwa vita, na mwishoni mwa Aprili Indonesia, ambayo ndiyo mzalishaji mkubwa wa mawese duniani, ikafunga kuuza nje kwa wiki tatu na ushee. Mafuta ya kupikia nikawa nauliza bei asubuhi na jioni. Wateja wakadhani nimeficha ghalani. Ghala lenyewe sina!

Cha kwanza kukatwa kwangu? Kukopesha. Nilikuwa na daftari la madeni nene kuliko la mleta mada. Kuna watu walikuwa wanaishi kwa lile daftari kutoka tarehe ishirini mpaka mshahara, nawajua kwa majina ya watoto wao. Hilo la kuwafungia bado linanikaa kooni.

Macho Manne
Mzani, hilo nakuelewa. Lakini kwenye kushuka je? Jumla ikishuka wewe unashuka siku hiyo hiyo?

Mzani wa Haki
Hapo sijitetei sana.

Chaki Nyeupe
Msimsakame peke yake, jambo hilo lina historia. Mwaka 1991 mchumi Robert Bacon alichunguza bei ya petroli Uingereza, akafananisha kupanda kwake na roketi na kushuka kwake na unyoya. Wengine wakapima kwingine, na mara nyingi sura ni hiyohiyo. Sababu mojawapo ni sisi wanunuzi: bei ikipanda tunazunguka duka kwa duka kutafuta nafuu, ikianza kushuka kidogo tunafurahi, tunanunua palepale, na muuzaji hana wa kumharakisha.

Nafundisha hesabu, kwa hiyo nivumilieni kwenye hili linalochosha watu kila taarifa ya habari: "mfumuko wa bei umeshuka." Mama mkwe wangu alizima redio kwa hasira aliposikia hivyo. Chukua kapu la bidhaa lililouzwa 100. Mwaka wa kwanza mfumuko ni asilimia 10, limekuwa 110. Mwaka wa pili mfumuko "umeshuka" hadi asilimia 3. Kapu halirudi 100 wala halibaki 110, linakwenda 113.3. Kilichoshuka ni mwendo wa kupanda. Gari lililokuwa linapanda mlima kwa kasi limepunguza mwendo, lakini bado linapanda.

Halafu kapu linalopimwa ni la wastani, ndani yake kuna hata tiketi ya ndege. Ernst Engel, mtakwimu Mjerumani, aliona tangu 1857 kwamba kadiri familia ilivyo na kipato kidogo ndivyo sehemu kubwa zaidi ya matumizi yake inavyokwenda kwenye chakula. Kwa hiyo chakula kikipanda kuliko vingine, mfumuko wa nyumba ya kipato kidogo ni mkali kuliko ule uliotangazwa. Mama mkwe hakukosea kuzima redio.

Mimi nilikata nauli. Natembea kwenda kazini dakika hamsini. Viatu vinaisha mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo faida yenyewe ni ya mjadala.

Tairi Bovu
Naendesha lori. Niwaambie kosa langu ili mtu mwingine asilirudie.

Vita vya Ukraine vilipoanza tarehe 24 Februari 2022 dizeli ilipaa, na mwenye mzigo hakutaka kuongeza malipo mpaka mkataba uishe. Nikatafuta pa kubana. Dizeli huwezi kuipunguza, lori haliendi kwa maombi. Tairi haziongei. Oili ya injini nayo haiongei, nikaisogeza mbele: badala ya kumwaga kwa wakati nikawa naongezea tu juu. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili kimya. Mara ya tatu injini ikagonga njiani, usiku, na mzigo wa watu mgongoni. Gharama ya kuifumua ingenimwagia oili miaka kadhaa.

Na mnaouliza kwa nini dizeli inapandisha mpaka nyanya: trekta linainywa, pampu ya kumwagilia inainywa, mimi nainywa, jenereta la ghala la baridi linainywa. Kila mmoja anaongeza chake kidogo halafu anampasia anayefuata. Mbolea nayo imo. Ya nitrojeni hutengenezwa zaidi kwa gesi asilia, na gesi ilipopaa Ulaya mwaka huohuo viwanda kadhaa vya mbolea vilipunguza uzalishaji. Shambani bei inaanza kupanda kabla hata mbegu haijaota.

Sindano Mbili
Tairi, pole sana. Mimi ni fundi cherehani, na kwangu cha kwanza kukatwa kilikuwa usingizi.

Uzi ulipanda, zipu zikapanda, umeme ukapanda. Bei yangu ya kushona ikabaki palepale miaka miwili kwa kuogopa wateja. Nikajaziliza kwa kushona mpaka saa nane usiku. Ningeshona nguo tatu kupata kile nilichokuwa nakipata kwa mbili. Mume wangu ndiye aliyeniuliza, "Wewe bidhaa zote umekubali zipande, mikono yako tu ndiyo umeikataza?"

Nikaandika bei mpya kwenye karatasi, nikaibandika, nikajificha nyuma ya mashine siku nzima kama niliyeiba. Wateja wanne walihama. Wawili walirudi. Mmoja wa waliobaki akaniambia alikuwa anajiuliza siku nyingi nashonaje kwa bei ile, na alishaanza kuhisi natumia uzi mbovu. Bei ndogo nayo inaweza kukuchafulia jina, sikulijua hilo.

Macho Manne
Hakuna aliyegusa wizi wa gramu? Bei ileile, pakiti ileile, ndani kumepungua. Mfuko uliokuwa kilo moja unakuwa gramu 900: hapo umepandishiwa zaidi ya asilimia 11 bila tangazo. Gramu 500 ikiwa 400 ni robo nzima. Chokoleti ya Toblerone mwaka 2016 Uingereza ilitoka gramu 400 hadi 360 kwa kupanua mapengo kati ya vipande, watu wakaona kwa macho, kelele zikawa nyingi. Wengine hawaonekani kirahisi hivyo. Ufaransa tangu Julai 2024 maduka makubwa yanalazimika kubandika tangazo bidhaa inapopunguzwa ujazo bila bei kushuka.

Haba na haba walituambia hujaza kibaba. Siku hizi hukipunguza.

Dawa yangu: sisomi bei, nasoma uzito kisha nagawanya. Nilichokata ni uaminifu kwa chapa.

Pensheni Ndogo
Wanangu, nimewasoma wote. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta, bei ya pipa ilipanda karibu mara nne ndani ya miezi michache. Nilikuwa kijana, nilikuwa na nguvu, nikatafuta kazi ya pili ikapita. Sasa kazi ya pili siiwezi na pensheni inakuja na tarakimu zilezile.

Mimi nilikata dawa za presha. Badala ya kila siku nikawa nameza siku moja, naruka moja. Nilijiona mjanja, chupa ilidumu miezi miwili. Sikumwambia mtu. Mwezi wa tano nikaanguka bafuni. Namshukuru Mungu mkono umerudi, ila maneno mengine bado yananitoka kwa kuvutavuta, ndiyo maana napenda kuandika.

Mama Mapacha
Shikamoo mzee. Hapo sina utani. Ungesema tu, hata sisi wageni wako tungechanga kama dumu.

Kiti cha Nyuma
Shikamoo baba. Kesho nafungua.

Kalamu Nyekundu (mleta mada)
Shikamoo mzee wetu, na pole. Nilipoandika uzi huu nilifikiri tutacheka kuhusu magazeti.

Nimemsomea mwenzangu majibu yenu usiku. Alinyamaza kwenye la mzee, kisha akaniambia na yeye aliacha miwani. Lenzi imechubuka tangu mwaka jana. Anasoma kwa jicho moja na hakuniambia. Kwenye daftari lote hakuna mstari wa miwani, kwa hiyo nisingeona imekosekana. Tumeuandika leo, juu kabisa, kabla ya sukari.

Namba ya fundi bomba bado sijaipata. Linavuja hapa ninapoandika.