Pini za kambi zisizo na tarehe: mtatupeleka porini kwa kubahatisha mpaka lini?

Wakuu, leo nina povu na silifuti. Wasimamizi, mkiona uzi umekaa pabaya uhamisheni tu, ila msiufunge, maana jambo hili tumelinyamazia vya kutosha.

Nazungumzia hizi pini, yaani alama za ramani, za sehemu za kupiga kambi nje ya barabara. Zile zilizojazana kwenye programu za ramani, kwenye mafaili ya GPX (yanayobeba njia na pini za GPS) yanayozunguka magrupu, na kwenye miongozo inayojiita "kamili". Unafungua ramani, unaona kihema kidogo katikati ya pori, chini yake sentensi moja: "Pazuri, patulivu, panafikika." Panafikika na nani? Kwa gari gani? Mwezi gani, mwaka gani? Kimya. Ukichimba unaikuta sentensi ileile, na kosa lilelile la tahajia, kwenye programu nyingine, kisha kwenye mwongozo wa kulipia ambao mwandishi wake ameapa jalada la nyuma kwamba kila sehemu kaifikia mwenyewe. Kaifikia na kosa la tahajia la mwenzake?

Hasira yangu iko kwenye tarehe. Mengine nitayagusa, ila shina ni hilo. Njia ya udongo haidumu. Mvua moja kubwa inachimba korongo, mtu anajenga uzio, eneo linatangazwa kuwa hifadhi, kivuko kinachukuliwa na maji. Lakini kwenye skrini pini ya miaka mingi iliyopita na pini ya wiki jana ni pacha: rangi moja, ukubwa mmoja. Tena ya zamani ndiyo yenye nyota nyingi, kwa kuwa imekaa muda mrefu ikikusanya nyota, na programu inaipandisha juu ya orodha. Yaani taarifa inavyozidi kuchakaa ndivyo inavyozidi kuaminiwa. Nani alikaa chini akaona huu ni mpango?

Nitoe mfano mmoja. Nimefuata pini yenye sifa kemkem, jua limeshaanza kuzama, gari limejaa vyombo na watu wamechoka. Tunafika, kambi hakuna. Kuna shamba limelimwa, miche imeshatoka, na mzee amesimama pembeni na tochi. Wala hakutukaripia. Aliuliza tu, "Wanangu, na nyie ni ramani imewaleta?" Akatueleza kwamba magari yanakuja, yanageuzia juu ya mazao yake, yanaondoka. Aliweka ubao wa kukataza, ubao wenyewe umekanyagwa. Sasa niambieni mzee yule kosa lake ni nini. Hajui hata kama kuna programu, achilia mbali kuingia humo aandike kwamba hapa ni kwake.

Nikaripoti. Nikajibiwa "asante kwa mchango wako". Pini bado inang'aa palepale, na baada ya ripoti yangu imeongezewa nyota tano na mtu aliyeandika "tunapanga kwenda mwakani, panaonekana pazuri sana". Anatoa nyota kwa mahali ambapo hajatia mguu!

Halafu hizo namba zenyewe. Nyuzi moja ya latitudo, ile namba ya kaskazini-kusini, ni kilomita 111 hivi. Mtu anaandika nyuzi 5 na dakika 30, anakuja mwenzake ananakili 5.30. Wakati nyuzi 5 na dakika 30 ni 5.5! Hiyo 0.2 iliyopotea ni kilomita 22, na mafuta ya kilomita hizo unayachoma wewe, si yeye. Mwingine anakata tarakimu za mwisho ili namba ikae vizuri kwenye jedwali lake, anabakiza mbili baada ya nukta, hapo kambi inaweza kuhama kilomita nzima. Mwingine yuko kusini mwa ikweta na anasahau alama ya kutoa, kambi inavuka kwenda kaskazini mwa dunia. Simu ya kawaida chini ya anga wazi hukosea mita 5 hivi. Kwa hiyo msisingizie satelaiti. Kilomita 22 hazikosewi na satelaiti, zinakosewa na mtu aliyenakili bila kuhakiki.

Na wale wanaotoa namba kwenye ramani za karatasi za zamani, nao wasikilize. GPS inatumia mfumo wa WGS84, yaani msingi wa kuhesabia namba za mahali. Ramani nyingi za zamani zilichorwa kwa mifumo mingine: ED50 huko Ulaya, NAD27 Amerika Kaskazini, Arc 1960 Afrika Mashariki. Mfumo umeandikwa pembeni mwa karatasi, kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayehangaika kuzisoma. Ukihamisha namba bila kuzigeuza, unatupwa kutoka makumi hadi mamia ya mita. Kwenye uwanda mtasema si neno. Usiku, kwenye miamba, hizo mita ni ng'ambo nyingine ya korongo.

Najua watakuja wajuzi na jibu lao pendwa: "Ungesoma kontua." Ile mistari ya ramani inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja. Nasoma kontua, wakuu! Shida ni kwamba kontua haina kila kitu. Kwenye ramani nyingi za kipimo cha 1:50,000 mstari mmoja na mwingine unapishana mita 20 kwenda juu. Korongo la kina cha mita 10 linaweza kupita katikati ya mistari miwili bila kuacha alama yoyote. Na kontua nyingi mnazoziona kwenye simu asili yake ni vipimo vya rada vya misheni ya SRTM, iliyorushwa na chombo cha anga cha Marekani Februari 2000 kwa siku 11. Data yake ya wazi ina miraba ya mita 30 hivi, kila mraba na kimo kimoja. Ndani ya mraba huo linaingia gari, hema, na shimo la kumaliza shokapu zote, na ramani itakuambia ni tambarare. Penye msitu mnene ndiyo kabisa, rada ilipima sehemu ya miti ikahesabu kuwa ni ardhi. Ni kazi nzuri mno kwa kupanga safari, sibishi. Ila haitoshi kumwambia mtu "geuza hapa, lala hapa".

Picha za satelaiti? Natumia. Za Sentinel-2, satelaiti za Ulaya, ni za bure, zinapita kila baada ya siku 5 hivi, na zinaonyesha vitu vyenye upana wa mita 10 au zaidi. Zitakuonyesha kama mto umejaa juma hili, kama msitu umefyekwa, kama pameota shamba jipya. Uzio hazionyeshi. Geti hazionyeshi. Na ile picha nzuri kali mnayoiona nyuma ya ramani zenu ni viraka vya tarehe mbalimbali vilivyoungwa, bonde hili la mwaka huu, kilima cha jirani cha miaka ya nyuma kabisa. Tarehe tena! Nashangaa watu wazima wanavyobishana "njia ipo, mbona naiona" wakati wanatazama picha ya njia iliyokuwepo.

Sasa njoo kwenye mito mikavu, hapa ndipo naacha utani. Kuna pini zimewekwa ndani ya mkondo wenyewe. Ndani! Kwa maelezo kama "mchanga laini, tambarare, pamejikinga na upepo". Pamejikinga na upepo kwa sababu ni mfereji, jamani. Mvua inanyesha milimani mbali na ulipo, juu yako nyota zinawaka, na maji yanakufuata usingizini. Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani inaonya kwamba maji yaendayo kasi ya kina cha sentimita 30 yanaweza kubeba magari mengi madogo, na sentimita 60 zinabeba hata hayo magari makubwa ya 4x4 mnayoyaringia. Aliyeweka pini alilala kiangazi, akaamka salama, akaandika "salama". Msimu hakuandika. Anayeisoma pini hiyo mwanzo wa mvua atajuaje? Hili mimi siliiti uzembe mdogo. Kama una pini ya namna hiyo kwenye faili lako na unaliuza, liondoe leo.

Sheria nayo imegeuzwa kuwa porojo. Miongozo inaandika kwa wino mnene "nchi hii kambi huru inaruhusiwa", mstari mmoja, basi. Chukua Norway. Sheria yao ya mwaka 1957 inakuruhusu kuweka hema kwenye ardhi isiyolimwa, ukae angalau mita 150 kutoka nyumba yenye watu, na usizidi siku mbili bila ruhusa ukiwa karibu na watu. Vizuri. Ila ruhusa hiyo ni ya mtu na hema lake. Kuendesha gari porini kuna sheria yake ya 1977 na msimamo wake ni kukataza. Scotland vivyo hivyo, sheria ya ardhi ya mwaka 2003 ilitoa haki ya kupita na kulala nje, lakini si kwa kuendesha gari. Mwongozo wa magari unaonakili nusu ya kwanza ya sheria na kuacha ya pili unamwandalia msomaji faini. Kuna mmoja nimemuuliza mwandishi wake, akanijibu "sisi tunatoa mwelekeo tu". Mbona bei hukuitoa mwelekeo tu?

Na msiniambie haiwezekani kufanya vizuri. Idara ya Misitu ya Marekani ina ramani za matumizi ya magari kwenye misitu yake. Ni bure. Hazina mvuto wowote, nyeusi na nyeupe, ukizitazama dakika kumi macho yanauma. Lakini zinakuambia njia ipi iko wazi, kwa aina gani ya gari, kuanzia tarehe ipi hadi tarehe ipi. Tarehe, wakuu! Ofisi ya serikali imeweza kuiweka kwenye karatasi ya bure, nyie mnaotoza usajili kila mwaka mnashindwa nini?

Kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba mara nyingi tarehe ipo. OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni, ipo tangu 2004, inachorwa na watu wa kujitolea, na kila kitu ndani yake kina historia: nani kakichora, lini, kilibadilishwa lini. Hata njia za udongo wamezipa madaraja matano, la kwanza njia yenye uso mgumu, imara, la tano udongo mtupu ulio laini. Inakuja kampuni, inachukua kazi hiyo, inavua tarehe, inavua daraja, inabakiza mstari wa kahawia na kihema, inatuuzia. Hapo si kukosa taarifa. Ni kuificha, maana ramani yenye tarehe za kale haivutii mteja.

Kuna hoja ya upande wa pili naiheshimu, ya wanaosema tusitoe maelezo mengi kwa sababu sehemu zikijulikana zinaharibiwa. Kweli zinaharibiwa. Nimekuta majivu, makopo, na karatasi za chooni kila kichaka. Lakini jibu lake si pini mbovu! Pini mbovu ndiyo inayowafanya watu wazunguke kutafuta, wafungue njia mpya juu ya majani, wapaki ukingoni kabisa mwa maji wakati miongozo ya kutunza mazingira inasema kaa mita 60 mbali. Kama unataka kulinda sehemu, usiiweke. Ukiiweka, iweke kamili.

Ninachodai si kikubwa. Tarehe uliyolala pale. Gari ulilokuwa nalo, na kama uliingia kwa taabu useme taabu ipi. Uliingilia upande gani, maana njia inayoshukika haina maana inapandika. Uliongea na nani kuhusu ardhi. Na kama hukulala, kama umeiona tu kwenye picha ya satelaiti ukadhani panafaa, andika hivyohivyo, hakuna atakayekucheka. Wenye programu nao, pini isiyothibitishwa muda mrefu ipauke yenyewe kwenye ramani mpaka mtu aithibitishe. Hiyo ni kazi ya fundi wenu mmoja.

Povu ruksa, karibuni.

NIMEHARIRI: Naona mko wengi mnaosema "ni bure, ukilalamika lipia". Someni vizuri, nusu ya ninayoyalalamikia yanalipiwa, na nililipa. Na aliyeniandikia pembeni kwamba nataka umaarufu, ungeniandikia namba sahihi za pini yako ile ya mtoni ingekuwa na faida zaidi.

NIMEHARIRI TENA: Anayejua namna ya kuripoti pini iliyokufa ikafutwa kweli, aweke hatua hapa. Zangu zote zimekwama kwenye "inashughulikiwa", na magari bado yanageuzia shambani kwa mzee.