Watoto wa Mtwara na sikukuu za majira ya baridi: tuwasimulieje?

Mama wa Wawili, Shangani, Mtwara

Ndugu zangu, naomba ushauri katika jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo, lakini limenitatiza tangu mwishoni mwa Novemba. Nina watoto wawili, wa kike wa miaka sita na wa kiume wa miaka minne. Mdogo wangu ameolewa Sweden, anaishi Uppsala, na kila Krismasi inapokaribia hututumia video za wanawe: wakiteleza juu ya theluji, wakiimba asubuhi ya tarehe 13 Desemba wakiwa na kanzu nyeupe na mataji ya mishumaa kichwani, kisha wakimpokea mzee mwenye ndevu nyeupe anayebisha hodi jioni ya tarehe 24 akiwa na gunia la zawadi. Wanangu huzitazama mpaka simu inaishiwa chaji. Wiki iliyopita binti yangu aliniuliza kwa nini Krismasi yetu "haijaja yote", na nilipomwomba anifafanulie, alisema kwamba ya kwetu haina theluji.

Nilikosa la kumjibu. Hapa Shangani tunatokwa jasho hata baada ya kuoga, embe zimejaa sokoni na mvua ndiyo kwanza zinaanza. Mwaka jana nilibandika pamba juu ya tawi la mvinje ili ifanane na theluji, na mama mkwe wangu, ambaye ni Mwislamu wa Mikindani na ambaye hula nasi pilau ya Krismasi kila mwaka bila kinyongo, aliuliza kwa upole kama mti ule ulikuwa umeumia.

Sitaki kuwanyima wanangu mila za binamu zao, kwa sababu ni damu yao. Wala sitaki wakue wakidhani kwamba sikukuu halisi iko kwingine na sisi tumeachiwa makombo. Je, nianzie wapi kwa watoto wa umri huu? Na huyo Baba Krismasi, nimwambie binti yangu kwamba yupo?

Mwalimu wa Awali, Masasi

Dada, nimefundisha darasa la awali kwa miaka kadhaa, na kila Desemba swali la theluji huletwa na mtoto mmoja, kisha darasa zima hulidaka. Nadhani sisi watu wazima hukosea kwa kuanza na theluji, ilhali kiini cha mila nyingi za huko ni giza. Katikati ya Desemba, jua la Uppsala huchomoza karibu saa 3 asubuhi na huzama kabla ya saa 9 alasiri, kiasi kwamba mtoto anaweza kwenda shuleni gizani na kurudi nyumbani gizani. Kaskazini zaidi, katika mji wa Kiruna, zipo siku nyingi mfululizo ambazo jua halichomozi kabisa. Sisi tuko kusini mwa ikweta, na mchana wetu wa mwezi huohuo hudumu kwa zaidi ya saa 12 na nusu.

Mimi hufunga madirisha ya darasa saa 5 asubuhi na kutundika khanga mlangoni, chumba kikaingia giza, kisha huwasha tochi moja tu. Watoto hunyamaza wote kwa pamoja, jambo ambalo walimu wenzangu watakubali kwamba ni muujiza mdogo. Hapo ndipo ninapowaeleza kwamba mtu aliyeishi katika giza la namna hiyo kwa wiki nyingi atatamani mno mwanga, na kwamba binamu zao huvaa taji la mishumaa kwa sababu hiyo. Siku hiyo ya tarehe 13, iitwayo Siku ya Lucia, inatokana na msichana mfiadini wa Sirakusa, Italia, na katika kalenda ya zamani, ambayo Sweden iliiacha mwaka 1753, watu walihesabu usiku wake kuwa mrefu kuliko mwingine wowote. Vivyo hivyo mti: huko nje miti mingi imepukutisha majani, kwa hiyo ule uliobaki kijani hukaribishwa ndani kama mgeni. Kwetu ni kinyume chake, maana mbuyu uliokaa mtupu kiangazi chote huanza kuchipua mvua zinapofika, na ule mti wenye maua mekundu, wenye asili ya Madagaska, ambao wengi huuita mkrismasi, huchanua barabarani bila kupambwa na mtu. Mtembeze binti yako auone, halafu muulize kama bado anataka pamba.

Kwa watoto wanaochoka kusubiri kuna mila ya Kijerumani ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1839 Johann Hinrich Wichern, aliyewalea watoto maskini katika makao ya Rauhes Haus mjini Hamburg, alichukua gurudumu la mkokoteni, akalipanga mishumaa midogo myekundu kwa siku za kawaida na mikubwa minne myeupe kwa Jumapili, na inasimuliwa kwamba alifanya hivyo kwa sababu watoto walimuuliza kila siku Krismasi itafika lini. Taji la Majilio, yaani kipindi cha kuisubiri Krismasi, tunaloliona leo makanisani lilitokana na gurudumu hilo. Nyumbani kwangu tunatumia kete 24 za pwani: kila jioni mtoto huhamisha moja kutoka ungo mmoja hadi mwingine na kuhesabu zilizobaki. (Nawasihi msitumie korosho zisizobanguliwa, ingawa ndizo zilizo karibu na mkono msimu huu, kwani mafuta ya ganda lake huunguza ngozi.)

Kama unataka mila ambayo haidai hali ya hewa yoyote, fanya hori la kuzaliwa Yesu. Fransisko wa Asizi aliandaa hori kijijini Greccio, Italia, mwaka 1223, akiweka ng'ombe na punda walio hai ili wanakijiji waone kwa macho yao kile walichozoea kukisikia tu. Wapeni watoto udongo. Yule wa miaka minne atafinyanga mbuzi mwenye miguu mitatu, naye asikosolewe.

Huku Masasi si jambo geni kuikalisha mila ya mbali na ya nyumbani katika chumba kimoja. Wamisionari wa UMCA, shirika la Kianglikana kutoka Uingereza, walifika hapa mwaka 1876, na Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi yetu kuanzia 1926, anakumbukwa kwa kuipa jando sura ya Kikristo badala ya kuifuta.

Mzee wa Mikindani

Mwanangu, mwalimu amesema vizuri, nami nitaongeza kutoka upande wa bahari. Majira ya baridi ya kaskazini hufika Mikindani kila mwaka, isipokuwa hayafiki kama theluji. Ifikapo Desemba, bara la Asia huwa limepoa sana, hewa yake ikawa nzito, nayo husukumwa kuvuka bahari kuja upande wetu wenye joto. Huo ndio upepo wa kaskazi, uliowaleta wafanyabiashara wa Arabuni na Bara Hindi kwa majahazi, kisha kusi likawarudisha kwao. Mpeleke mtoto ufukweni, ageuze uso upande unakotoka upepo, na umwambie kwamba baridi ya mbali ndiyo iliyousukuma mpaka hapo.

Mwonyeshe pia mbayuwayu wanaojipanga kwenye nyaya za umeme. Wengi wa wale tunaowaona miezi hii wamezaliwa Ulaya, na huja Afrika kwa sababu wadudu ambao ni chakula chao hutoweka huko baridi inapoingia. Mtoto wa miaka minne hataelewa habari za hewa nzito, lakini ndege aliyekimbia njaa atamwelewa mara moja.

Jambo jingine ni la lugha. Wapo wanaoyaita majira hayo ya Ulaya kipupwe, nami nadhani linamchanganya mtoto. Kipupwe chetu huja Juni hadi Agosti, wakati ambapo watoto wa Uppsala wanaogelea ziwani, na ndicho kipindi ambacho, mavuno yakishaingia ghalani na shule zikifungwa, huku kwetu ngoma za jando na unyago husikika. Watoto wa huko nao wana haki ya kuuliza kwa nini likizo yao ya baridi haina ngoma.

Kuhusu mkweo, usiwe na wasiwasi. Sisi Waislamu wa pwani tunaijua tofauti ya kula sahani ya jirani na kuingia katika ibada yake, na sahani hizo zimekuwa zikienda na kurudi tangu utoto wangu. Ila mwombe yeye awasimulie wajukuu wake habari za mwezi. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko ule wa jua, kwa hiyo Idd huzunguka majira yote: mimi nimeisali katika masika, katika kipupwe na katika joto la Desemba, na hakuna hata mara moja tuliyosema kwamba haikuja yote. Nadhani binti yako akilisikia hilo kutoka kwa bibi yake, swali lake litapata jibu kuliko tutakavyolijibu sisi hapa.

Baba wa Nachingwea

Kwa heshima zote, sioni sababu ya kuhangaika kiasi hiki. Mtoto wa miaka minne anahitaji nguo mpya, kuku, embe na ruhusa ya kuchelewa kulala siku ya kesha. Tunawaeleza Hamburg na Greccio wakati hawajui hata ming'oko huchimbwaje porini, wala babu zao walitoka kijiji gani. Na hizo video zinakuja upande mmoja tu. Ni lini sisi tumewatumia za kwetu?

Muuguzi, Lindi Mjini

Ndugu wa Nachingwea ana hoja katika swali lake la mwisho, ingawa sikubaliani naye kwamba kujua cha mwenzako hukufanya usahau chako.

Naomba nizungumzie usalama kwanza, kwa kuwa Desemba huleta majeraha ya moto wodini. Mishumaa ya kichwani isijaribiwe nyumbani. Hata Sweden watoto wengi siku hizi hutumia taa za betri. Pamba juu ya mti nayo hushika moto upesi sana, na katika nyumba ya makuti hakuna haja ya kueleza yatakayofuata.

Kama unataka ladha ya huko, jaribu uji mzito wa mchele uliopikwa kwa maziwa na mdalasini, ambao Waskandinavia huula siku za Krismasi. Ndani yake hufichwa lozi moja, na kwa desturi ya Sweden atakayeipata hutabiriwa kufunga ndoa mwaka unaofuata. Unaweza kutumia tui la nazi badala ya maziwa, na watoto wenyewe hawatauona kuwa mgeni. Najua mkono wako utakwenda kwenye korosho, lakini mtoto wa miaka minne hapaswi kupewa korosho nzima, kwa kuwa anaweza kupaliwa. Weka kipande laini cha tende, na badala ya ndoa mpe mshindi haki ya kuchagua hadithi ya usiku huo.

Kuhusu Baba Krismasi, mimi niliwaambia wanangu ukweli kwa namna ya hadithi: zamani alikuwako askofu aitwaye Nikolasi, wa mji wa Myra, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, anayesimuliwa kwamba aliwapa maskini zawadi kwa siri, na watu humkumbuka kwa kuvaa kama yeye. Hawakupungukiwa na furaha. Mdogo aliamua kwamba naye atakuwa Nikolasi, akamwekea bibi yake embe chini ya mto wa kulalia, na tukalikuta baada ya siku tatu.

Mama wa Wawili, Shangani, Mtwara

Shikamoo, mzee wangu wa Mikindani, na nawashukuru nyote. Pamba nimeirudisha kabatini. Jumamosi tulifanya giza la khanga, ingawa mwanangu wa kiume aliogopa na ikabidi tochi iwashwe mapema. Uji wa tui ulipikwa na bibi yao, tende akaipata yeye mwenyewe, akachagua hadithi ya sungura ambayo wanaijua kwa moyo, kisha bila kuombwa akaendelea na habari za mwezi mwandamo. Binti yangu alisikiliza, halafu akauliza kama Idd iliwahi kupotea njia.

Kwa kuheshimu swali la ndugu wa Nachingwea, nilirekodi yote, pamoja na mbayuwayu walio kwenye waya mbele ya nyumba, nikamtumia mdogo wangu. Amejibu jana usiku. Mwanawe anataka kujua kama mmoja wa ndege hao ni yule aliyejenga kiota ghalani kwa babu yake, kwa sababu kiota hicho kiko tupu tangu Septemba.