Mtoto wa miezi mitano ana damu iliyovilia sikioni: tumpeleke wapi hapa Kisumu?

Shangazi_Nyalenda:
Wapendwa, naombeni ushauri wa haraka. Mtoto wa kaka yangu ana miezi mitano. Jana jioni nikimwogesha niliona damu imevilia kwenye sikio la kushoto na kando ya shavu. Ukimwinua mguu wa kulia kumbadilisha nepi, anapiga mayowe. Msichana anayemlea anasema kaka wa mtoto, mwenye miaka mitatu, alimgonga na gari la kuchezea. Wifi yangu anauza samaki, hutoka alfajiri na kurudi usiku. Mama yetu anataka apelekwe kwa mkandaji, lakini moyo wangu umekataa. Hospitali watamfanyia nini? Lazima nipitie polisi kwanza? Na je, wifi atanyang'anywa mtoto?

Baba_Kondele:
Dada, pole. Haya ni mambo ya nyumbani. Mfukuzeni huyo msichana, mtoto akandwe, yaishe. Polisi wakiingia mtajuta.

Nesi_wa_Watoto:
Hapana ndugu yangu. Mguu unaouma hivyo haukandwi. Kama mfupa umevunjika, kukanda kutazidisha jeraha.

Shangazi, mpeleke leo, usingoje Jumatatu. Mtoto ambaye hajaanza kutambaa hana namna ya kujigonga, ndiyo maana damu ikivilia popote mwilini mwake tunashtuka. Sikio, shingo, shavu na kifua ndizo sehemu zinazotutia wasiwasi zaidi. Nenda Jaramogi, hospitali ya rufaa ya hapa Kisumu ambayo wengi huiita Russia.

Watamvua nguo zote na kumkagua kuanzia utosini hadi nyayoni, mdomoni pia, maana kale kangozi kanakoshika mdomo wa juu na ufizi hukatika mtu akimlazimishia chupa. Majeraha hupimwa na kupigwa picha. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, eksirei ya mguu peke yake haitoshi. Hupigwa picha za mifupa yote, kwa sababu mbavu zilizovunjika upande wa nyuma, karibu na uti wa mgongo, huwezi kuziona kwa nje. Umri huu pia huhitaji skani ya kichwa, na daktari wa macho anaweza kuitwa aangalie kama kuna damu nyuma ya jicho. Mtoto anaweza kuwa anacheka na ndani ya fuvu anavuja.

Damu nayo hupimwa: kama inaganda sawasawa, na kama ini limeumia, kwa kuwa tumbo linaweza kupigwa lisiache alama yoyote.

Na mkifika, msiende na jina la mkosaji mdomoni. Semeni mlichokiona na saa mliyokiona. Kazi ya daktari ni kutafuta sababu zote. Kuna watoto wenye mifupa dhaifu ya kuzaliwa nayo, kuna matege, kuna magonjwa ya damu. Huku kwetu sikoseli ni nyingi, na mtoto mdogo mwenye sikoseli huweza kuvimba mikono na miguu ukadhani amepigwa. Hata yale mabaka ya kijivu matakoni ambayo watoto wetu wengi huzaliwa nayo, wapo waliodhani ni mapigo.

Mama_Pacha_Nakuru:
Niongeze hapo: mtu asikwambie "hii ni ya juzi, hii ni ya leo" kwa kuangalia rangi ya alama. Rangi haitoi tarehe. Na huyo wa miaka mitatu naye akaguliwe! Mara nyingi watu humsahau, ilhali wanalala nyumba moja na mlezi ni huyo huyo.

Mwanasheria_Milimani:
Shangazi, matibabu kwanza. Hakuna haja ya kupitia polisi ndipo mtoto atibiwe. Baadaye ripoti kituoni, chukua namba ya OB (ya kitabu cha matukio cha polisi), upewe P3, fomu ya polisi ya majeraha, ambayo hutolewa bure, kisha daktari ataijaza kutokana na alichokikuta. Piga pia 116, simu ya watoto, hailipiwi, usiku na mchana.

Kuhusu wifi: afisa wa watoto atauliza mtoto yuko salama na nani. Sheria ya Watoto ya 2022 inatambua malezi ya jamaa, kwa hiyo ukiwa tayari kukaa nao kwa muda, sema mapema. Baba Kondele, ukimfukuza msichana leo, kesho atalea mtoto mtaa mwingine, na kama si yeye, mtakuwa mmemwonea.

Shangazi_Nyalenda:
Asanteni sana. Nimempigia wifi, ameacha samaki kwa jirani yake na yuko njiani. Tunawapeleka watoto wote wawili. Msichana nimemwambia abaki na mama, asiulizwe maswali kwanza.

Nesi_wa_Watoto:
Vizuri. Beba kitabu cha kliniki. Na wakikwambia eksirei za leo ni safi, uliza tarehe ya kurudi. Hurudiwa baada ya wiki mbili hivi, kwa sababu ufa mpya kwenye mfupa mchanga huonekana vizuri unapoanza kupona.