Onyesho la Bagamoyo na jina la Kilatini: liende au libadilishwe?

Mleta mada: Kikundi cha sanaa hapa Bagamoyo kinaandaa onyesho kuhusu wavuvi na majahazi. Jina walilitunga kwa Kiingereza, "The Tide Returns", kisha wakataka liwe la Kilatini ili lipate uzito. Programu ya kutafsiri imewapa "Reditus Aestus". Bango linakaribia kuchapwa. Liende hivyo? Na Kilatini cha nini hasa?

Mwalimu wa Kaole: Lisiende. *Reditus* ni nomino, marejeo. *Aestus* ni maji ya bahari kujaa na kupwa, lakini pia ni joto, la jua au la homa. Bila neno la bahari pembeni, msomaji ataona "marejeo ya joto". Baya zaidi, nomino zote mbili ni za kundi la nne la nomino za Kilatini, ambako umbo la kiima (mtenda) na la umilikishi ("ya" au "la" fulani) huandikwa sawasawa, kwa hiyo hata "joto la marejeo" linasomeka. Rudisheni kitenzi, ongezeni bahari: *Redit aestus maris*. Angalieni herufi: *redit* ni yarudi, *rediit*, yenye i mbili, ni yamekwisha kurudi.

Binti Mrima: Shikamoo Mwalimu. Sarufi imeeleweka, ila swali la pili umelipita. Kwa nini lisiwe "Bamvua"? Ni maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, jua na mwezi vinapovuta kwenye mstari mmoja. Huja kila baada ya wiki mbili hivi, kwa hiyo kurudi kumo humo humo ndani ya neno. Kilatini kimehitaji maneno matatu, na mvuvi wa Mlingotini hataelewa hata moja.

Msomaji wa Dunda: Dada, usikifanye Kilatini mgeni wa jana. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868, na misa ilisomwa kwa Kilatini mpaka mageuzi ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965). Mji huu umekisikia kwa vizazi.

Binti Mrima: Umekisikia kanisani, kaka. Baharini watu walikwenda na Kiswahili, na onyesho ni la baharini.

Mwalimu wa Kaole: Marahaba, binti. Kwa onyesho hili nakubaliana nawe. Ila vijana watatafuta majina ya Kilatini tena, basi wajue njia. Wasianzie kwenye Kiingereza, waanzie kwenye sentensi nzima ya Kiswahili: nani anatenda, nini, wakati gani. Kila nomino waitafute kwa maumbo mawili, kiima na umilikishi (*mare, maris*), na kila kitenzi kwa sehemu zake nne (*redeo, redire, redii, reditum*). Kivumishi hufuata jinsia ya nomino kama chetu kinavyofuata ngeli: ni *mare magnum*, ukiandika *mare magna* umesema "bahari mkubwa". Mwisho, Kilatini kitupu apewe mjuzi ambaye hajaona jina la awali, aseme kwa Kiswahili amesoma nini. Akisema joto, turudi mezani.

Mchora mabango: Na matamshi myaamue kabla ya tangazo la redio. Kanisani *ae* husomwa "e", hivyo ni "estus"; kwa matamshi ya Kilatini cha kale ni "aistus". Mtangazaji mmoja akisema hivi na mwingine vile, watu watadhani ni maonyesho mawili. Mkitaka sura ya maandishi ya kwenye mawe, V inachukua nafasi ya U: AESTVS. Alama za urefu wa irabu ziacheni kwenye kamusi, kwenye bango zinaonekana kama uchafu wa wino.

Msomaji wa Dunda: Basi "Bamvua" juu, Kilatini kidogo chini yake?

Binti Mrima: Hapana kaka. Mstari wa chini uandikwe tarehe, saa na kiingilio. Hayo ndiyo mtu anayatafuta akisimama mbele ya bango.