Naomba ushauri: taa ya injini inawaka baada ya kubadilisha gasketi ya silinda hedi

Habari za leo, ndugu zangu wenye ujuzi wa magari. Nipo Dodoma na ninatumia Toyota IST yenye injini ya 2NZ, ambayo mwezi uliopita ilichemsha nikipanda mlima Nyang'oro kuelekea Iringa, ikabidi irudishwe Dodoma kwa kuvutwa na kubadilishwa gasketi ya silinda hedi.

Tangu nikabidhiwe haichemshi tena, lakini taa ya injini inawaka, na mashine ya kupimia inasoma P0171, yaani hewa imezidi mafuta kwenye mchanganyiko. Fundi ameifuta mara mbili, ikarudi kabla sijafika mtaa wa Kisasa, hapa hapa Dodoma. Sasa anataka ninunue sensa ya oksijeni, nami nasita, kwa kuwa haikuwa na tatizo kabla ya injini kufunguliwa na huenda inaripoti tu inachokiona.

Kinachonitia shaka ni kwamba gari likiwa limesimama linaunguruma, mshale wa mizunguko unapanda na kushuka, lakini nikikanyaga mafuta linatulia. Tena asubuhi, kabla ya kelele za mtaa, nasikia mluzi mwembamba karibu na inteki, yaani njia ya kuingizia hewa kwenye injini, kama vile kuna hewa inavuja. Nilipomulika kwa tochi niliona mpira mmoja umefungwa kwa waya badala ya klipu yake.

Je, nianze na mipira na gasketi ya inteki, au nisafishe kwanza sensa ya kupima hewa, ambayo kwa vumbi la huku siiamini sana? Na uvujaji huo wa hewa unathibitishwaje bila mashine ya moshi, ile ya kupuliza moshi ili kuona panapovuja? Natanguliza shukrani.