Bastola ya jeshi la Ufaransa ya 1873: naweza kuinunua Lille nikakaa nayo hapa Uingereza?

Mzee wa Vitara
Salaam wakuu. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa.

Naishi Reading. Kwa muda sasa nimepagawa na vitu vya kijeshi vya Ulaya vya miaka ya 1800: vitara, nishani, vifungo vya magwanda. Sasa nataka kuingia kwenye bastola. Kuna mtu Lille, Ufaransa, anauza Mle 1873 (yaani modeli ya 1873), ile yenye mtambo wa Chamelot-Delvigne ya risasi sita, imetengenezwa Saint-Étienne na mtutuni imepigwa S. 1878. Anataka euro 650. Kwenye picha inavutia sana, nyeusi ya kung'aa mwili mzima, utadhani imetoka kiwandani jana. Anasema kwao mtu mzima yeyote ananunua bila kibali kwa sababu ni modeli ya kabla ya 1900.

Mpango wangu ni kuifuata kwa gari, nirudi nayo, niiweke ukutani sebuleni. Je, bei ni ya haki? Na nitajuaje kama haijaungwaungwa? Mke wangu keshasema chuma hicho hakilali nyumbani kwake, ila hilo niachieni mwenyewe.

FundiSaa
Mkuu, mama watoto yuko sahihi kuliko anavyojua.

Muuzaji hajakudanganya kuhusu kwao. Ufaransa tangu Septemba 2013 silaha ambayo modeli yake ni ya kabla ya Januari 1, 1900 iko kundi D, isipokuwa chache zilizotengwa, na mtu mzima ananunua kama anavyonunua saa ya ukutani. Lakini wewe hulali Lille. Hapa Uingereza kanuni za silaha za kale zilibadilika Machi 22, 2021. Kuna orodha ya risasi zilizopitwa na wakati. Bastola inayotumia risasi ya orodha hiyo, ikiwa ni pambo tu, haihitaji cheti cha polisi cha kumiliki silaha. Mwaka huo aina saba zikaondolewa kwenye orodha, na milimita 11 ya Kifaransa ya 1873 ni mojawapo. Nyingine ni 10.6 ya Kijerumani na 9.4 ya Kiholanzi. Yaani bastola kadhaa za majeshi ya Ulaya ambazo mkusanyaji mchanga angeanza nazo. Waliokuwa nazo walipewa mpaka Septemba 22, 2021 kuzisalimisha, kuziuza kihalali au kuombea cheti.

Sababu? Polisi walikuwa wanazikuta kwa magenge. Kuna muuzaji alifungwa miaka 30 mwaka 2017 kwa kuwatengenezea watu risasi za bastola za kale. Sasa ukikamatwa nayo bila cheti, hiyo ni bastola haramu kama nyingine, na kifungo kinaanzia miaka mitano. Hapo ukutani sebuleni ndipo polisi watakapoipigia picha ya ushahidi.

Kijana_wa_Leicester
Mbona minada ya hapa bado wanaziuza na picha wanaweka wazi?

FundiSaa
Wanamuuzia mwenye cheti. Sheria ya silaha ya 1997 ina kifungu cha 7 kinachoruhusu bastola za kihistoria zilizotengenezwa kabla ya 1919, lakini unaomba polisi kwanza na cheti kinatoka kwanza, kisha ndiyo unanunua. Huanzi kwa kununua halafu ukaenda kuomba msamaha.

Mama Liège
Mimi sheria za Uingereza sizijui, niko Ubelgiji. Ila nina swali moja kuhusu picha. Silinda ina mifereji kwa nje au ni laini?

Mzee wa Vitara
Laini kabisa, dada. Na juu ya mtutu imeandikwa Mle 1873.

Mama Liège
Basi mnunuzi yeyote angeshusha bei hapo hapo. Mle 1873 ilikuwa ya masajenti na askari wa kawaida, na ilitoka kiwandani nyeupe, chuma kilichosuguliwa tu bila rangi. Nyeusi ni Mle 1874 ya maofisa, na hiyo silinda yake ina mifereji. Silinda laini pamoja na weusi wa kung'aa maana yake kuna mtu kaipaka baadaye, na kabla ya kupaka kaisugua. Muombe picha ya karibu ya maandishi ya "Mre d'Armes St Etienne" ubavuni mwa fremu. Yakiwa yamefifia kingo, kama herufi za sarafu iliyochakaa, msasa umepita. Angalia na vichwa vya skrubu. Vikiwa vimetafunwa, imefunguliwa na mtu asiye na bisibisi ya saizi yake. Namba za vipande nazo zilingane.

Mimi hata kwa euro 300 nisingeichukua. Kutu ya kahawia ya miaka 140 naikubali. Rangi mpya siikubali.

FundiSaa
Mzee wa Vitara, kama roho bado inataka, tafuta Lefaucheux ya 1858. Ni ya jeshi la majini la Ufaransa, milimita 12, jeshi la kwanza kupokea rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ya risasi za ganda la chuma. Kila risasi ina kipini kinachochomoza ubavuni, nyundo inakigonga kutoka juu. Ukiitazama silinda kwa nyuma utaona vijinafasi vya kupitishia vipini hivyo. Mfumo huo hapa bado unahesabiwa wa kale, mradi ni pambo na huna risasi zake. Muuzaji akikuwekea "risasi chache za maonyesho", mwambie abaki nazo. Na nunua kwa muuzaji wa humu humu Uingereza, anayekuandikia risiti yenye modeli, kipimo na namba.

Mama Liège
Naongezea: huku Liège walizinakili kwa wingi. Alama ya ELG ndani ya duara la yai ni muhuri wa Liège wa kuthibitisha kuwa silaha imejaribiwa. Hiyo si bandia, ni kazi ya kwetu, lakini usilipie bei ya Paris. Ya Lefaucheux mwenyewe, yule mtengenezaji wa Paris, ina jina lake na herufi LF kando ya namba.

Kijana_wa_Leicester
Mimi nimeona ya Kijerumani ya 1883, wanasema ilipigana Tanga 1914. Wanaomba mara mbili ya kawaida.

FundiSaa
Soma alama za kikosi kwenye kitako. Kama hazisemi, na hakuna karatasi, unalipia hadithi. Na hiyo ni 10.6, kwa hiyo rudi juu usome tena.

Mzee wa Vitara
Nimemwandikia yule wa Lille kwamba siichukui. Kajibu ameshusha mpaka 480, kuhusu rangi kanyamaza. Nimepata Lefaucheux kwa muuzaji wa Bristol, kitako kina ufa mdogo upande wa kushoto. Ufa huo unazibika, au niuache ulivyo?

Mama Liège
Uache. Pangusa kwa kitambaa laini na mafuta kidogo kwenye chuma, mbao usiziguse. Na tuwekee picha ya chini ya mtutu, hapo nyuma karibu na silinda.